Mashindano ya kuchoma nyama ya kuchangia zahanati: fedha hutoka kwenye jiko la pili

Mchomaji wa Pasua (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Kwa miaka miwili mfululizo nimekuwa katibu wa kamati ndogo ya mtaani kwetu hapa Moshi, iliyojipa kazi ya kuandaa mashindano ya kuchoma nyama ili kuchangia vifaa vya chumba cha kujifungulia katika zahanati inayotuhudumia. Mwaka wa kwanza watu walikula, wakacheza, wakapiga picha na kutupongeza mno. Tulipofunga hesabu usiku ule tukakuta kilichobaki hakitoshi hata kununua godoro la kitanda kimoja. Mwaka wa pili, katika uwanja uleule na kwa umati ambao haukuzidi ule wa kwanza, tulipeleka kitanda kizima cha kujifungulia pamoja na mizani ya kupimia watoto wachanga, na tukabakiza akiba kidogo. Nimeulizwa mara nyingi kilichobadilika ni nini, nami nimeona heri niandike mara moja kwa wote.

Mwaka wa kwanza tuliamini kwamba washindani ndio watakaolisha watu. Kila timu ilikuja na nyama yake, ikachoma, ikapeleka sahani kwa majaji, na iliyobaki ikatakiwa iuzwe kwa wananchi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya wavu angejua kwamba jambo hilo haliwezekani. Mchomaji anayewania ushindi hugeuza mguu mmoja wa mbuzi kwa saa tatu, anaupapasa kama mtoto mgonjwa, hataki kuukata mpaka majaji wapite. Mnunuzi kwa upande wake amefika saa sita na njaa yake, ana fedha mkononi, na anaona moshi tu. Ilipofika saa tisa wengi walikuwa wamekwenda kula chipsi ng'ambo ya barabara, na fedha zetu zilikwenda nao.

Mwaka wa pili tuliweka majiko ya aina mbili na kuyatenganisha kwa kamba. Upande mmoja yalikuwa majiko manane ya timu, ambayo kazi yake ilikuwa ni kushindana tu. Upande wa pili lilikuwa jiko refu la matofali lenye wavu wa mita nne, likiwa na wachomaji wawili wa kulipwa ambao hawakuwa na habari na kombe, nao ndio waliolisha umati tangu saa sita kamili. Watu walikuja kwa sababu ya mashindano, lakini fedha zilitoka kwenye jiko la pili.

Sasa niingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo kamati nyingi huumia bila kujua. Nyama hupungua motoni. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe ikichomwa sawasawa hupoteza maji na mafuta kiasi cha robo hadi theluthi ya uzito wake, kwa hiyo ukipata gramu 700 za kuweka mezani ushukuru. Tuchukulie kilo ni shilingi 11,000 buchani. Sisi mwaka wa kwanza tuliuza sahani ya robo kilo iliyochomwa kwa shilingi 5,000, tukidhani kilo inatoa sahani nne. Haitoi nne, inatoa mbili na kitu, yaani sahani 28 katika kilo kumi. Nyama peke yake katika kila sahani iligharimu karibu shilingi 3,900. Ukiongeza ndizi mbili za kuchoma, kachumbari, pilipili, mkaa, chumvi na sahani yenyewe, ambavyo kwetu vilifika shilingi 1,200, unapata 5,100. Kwa maneno mengine, kila sahani tuliyouza ilitupotezea shilingi mia moja, nasi tulikuwa tukiuza kwa bidii na kuwaita watu kwa kipaza sauti.

Mwaka wa pili sahani ilikuwa ya gramu 200, ikauzwa shilingi 8,000, na bango lilieleza wazi kwamba bei hiyo imebeba mchango wa zahanati. Kilo moja ikatoa sahani tatu na nusu, gharama yote ikawa shilingi 4,300 hivi, na kila sahani ikaacha zaidi ya 3,600. Hakuna aliyelalamikia bei. Waliolalamika walilalamikia ukubwa wa vipande vya mifupa, na walikuwa na haki.

Kuhusu nyama ya mashindano, tuliwanyima washindani ruhusa ya kuja na nyama yao. Kamati ilinunua mbuzi wanne wa takriban kilo 25 kila mmoja wakiwa hai. Mbuzi wa namna hiyo hutoa mzoga wa kilo 11 au 12. Kila mbuzi ana miguu miwili ya nyuma na pande mbili za mbavu, kwa hiyo mbuzi mmoja alitosha timu mbili: mguu mmoja na ubavu mmoja kwa kila timu, vikapimwa mbele ya wote na kugawiwa kwa kura. Mikono na shingo vilikwenda jiko la pili. Vichwa, miguu ya chini na matumbo vilipikwa supu iliyoanza kuuzwa saa mbili asubuhi, kabla hata moto wa mashindano haujawashwa, na supu hiyo ndiyo iliyorudisha sehemu nzuri ya gharama ya mbuzi. Jambo hilo lilikuwa wazo la mama mmoja wa kamati anayeuza supu stendi. Sisi wanaume tulikuwa tumeshapanga kuwapa wachinjaji vitu hivyo bure.

Ratiba ilikuwa hivi: moto uliwashwa saa nne asubuhi, nyama ikagawiwa saa tano, mbavu zikapelekwa kwa majaji saa saba kamili na mguu saa nane kamili, kwa nafasi ya dakika tano tu kabla au baada. Viungo vilivyoruhusiwa ni chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, na vyote vilitolewa na kamati. Kuchemsha nyama kabla ya kuichoma kulikatazwa kabisa. Najua wapo wanaochemsha na kusema ndiyo siri ya ulaini, lakini hiyo ni nyama ya kuchemsha iliyopitishwa motoni ili ipate rangi.

Majaji ni habari nyingine, na ndiko tulikochafuka zaidi mwaka wa kwanza. Jaji mmoja aliitambua sahani ya shemeji yake kwa sababu ilipambwa kwa jani la mgomba, akaipa alama zote. Uwanja mzima ulijua. Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje, kisha nitaeleza tulivyorekebisha.

Mtanzania wa Kansas City

Mkuu mleta mada, nakushukuru kwa kutuwekea hesabu hadharani. Mimi ninaishi Kansas City, mji ambao kwa Wamarekani kuchoma nyama ni jambo la heshima kama mpira kwetu, na nimewahi kukaa upande wa kupokea sahani katika mashindano ya hapa. Chama kinachosimamia mengi ya mashindano hayo kinaitwa Kansas City Barbeque Society, na utaratibu wake wa majaji unaweza kuwasaidia.

Kila timu huleta nyama yake katika boksi jeupe linalofanana na mengine yote, lenye namba ya timu. Mezani pa kupokelea, namba hiyo hufunikwa kwa namba nyingine, hata anayebeba boksi kwenda kwa majaji hajui ni la nani. Meza moja ina majaji sita, nao hawaruhusiwi kuzungumza wala kukunja uso wakati wa kuonja. Kila mmoja hutoa alama kati ya 2 na 9 kwa mwonekano, ladha na ulaini, na alama 1 ni ya timu iliyovunja sheria. Uzito wa alama hizo haulingani: ladha ina uzito wa karibu mara mbili ya ulaini na mara nne ya mwonekano. Kisha alama za jaji aliyetoa jumla ndogo kuliko wote huondolewa, zikabaki za watano, na ukamilifu ni alama 180. Kanuni hiyo ya kuondoa alama ndogo inamlinda mshindani dhidi ya jaji mwenye chuki, ingawa haimzuii jaji mwenye shemeji.

Nyama wanazoshindania hapa ni nne: kuku, mbavu za nguruwe, bega la nguruwe na kidari cha ng'ombe, na hupelekwa kwa kupishana nusu saa kuanzia saa sita mchana. Kidari huchomwa usiku kucha kwa moshi wa moto mdogo. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba ulichokigundua kuhusu majiko mawili kinajulikana huku pia: mara nyingi mgeni anayefika kwenye mashindano makubwa hushangaa kuona nyama nyingi kiasi kile na kuambiwa kwamba haruhusiwi kuonja, isipokuwa kwenye vibanda vya wauzaji.

Wapo pia wachomaji wa mashindano waliogeuza ujuzi wao kuwa msaada bila kombe lolote. Mwezi Mei 2011 kimbunga kiliupiga mji wa Joplin katika jimbo hili la Missouri, na baadhi ya timu za mashindano zikaenda na majiko yao ya kukokotwa na magari kuwalisha waathirika. Kutokana na safari hiyo ilianzishwa Operation BBQ Relief, ambayo mpaka leo hupeleka chakula cha moto penye majanga.

Mchomaji wa Pasua

Ahsante sana, ndugu yetu wa ughaibuni. Sisi tulifika karibu na hapo bila kujua. Tulinunua sahani za aina moja, mapambo yakakatazwa hata jani la giligilani, na mwalimu mmoja mstaafu, asiye na timu wala ndugu uwanjani, akakaa peke yake kwenye hema akibadilisha namba. Majaji walikuwa watano, tukaondoa alama kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, zikahesabika tatu za katikati. Kwa njia hiyo mwenye shemeji na mwenye chuki wote wawili hutoka mlango mmoja. Alama zilikuwa mia: ladha 50, ulaini 30, mwonekano 10, na usafi wa jiko 10, ambazo hizo za mwisho hazikutolewa na majaji bali na afisa afya aliyepita kwenye majiko na daftari lake bila kutoa taarifa.

Binti wa Machinjioni

Habari zenu wanajamvi. Kazi yangu ni ukaguzi wa nyama, hivyo mtaniwia radhi nikizungumza kama niko kazini.

Mleta mada ametaja afisa afya mwishoni kabisa, kana kwamba ni mtu wa kutoa alama tu. Huyo anapaswa kuwa wa kwanza kuonwa, wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe. Mbuzi wachinjwe mahali panapotambulika, mkaguzi awaone wakiwa hai na aone viungo vya ndani baada ya kuchinjwa, kisha mzoga upigwe muhuri. Nyama ya kuchangisha fedha haina kinga ya pekee dhidi ya minyoo au kimeta.

Jambo la pili linahusu ulaini wenyewe. Mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa kwa saa kadhaa kabla ya kulegea tena. Mbuzi aliyechinjwa alfajiri na kuwekwa motoni saa tano huenda akafika kwenye wavu katikati ya ukakamavu huo, na hapo hata fundi atalaumiwa bure. Ni afadhali wachinjwe siku moja kabla na mizoga ihifadhiwe kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 5 za Selsiasi. Mkikosa jokofu kubwa, mwombeni mwenye bucha awape nafasi ya usiku mmoja. Huo nao ni mchango, na mumtaje kwenye kipaza sauti.

Tatu, kuna kanuni tano za chakula salama zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani, na zote zinafaa uwanjani: usafi wa mikono na vyombo, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika mpaka kuiva kabisa, kutunza chakula kwenye joto au ubaridi unaofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Kwa vipimo, kitovu cha nyama kifike nyuzi 70, nyama iliyoiva inayosubiri mteja isishuke chini ya nyuzi 60, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama si ghali ukilinganisha na aibu ya kupeleka watu hospitalini kwa shughuli ya kuchangia zahanati.

Nne, na hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja: ubao uleule na kisu kilekile vinakata nyama mbichi, halafu vinakata iliyoiva, halafu vinakatia kachumbari. Nunueni mbao za rangi mbili.

Mama Supu

Mwanangu Binti, umesema kweli tupu, ila naomba niongeze kuhusu maji. Madumu yenye bomba na sabuni yawekwe pale mstari wa chakula unapoanza. Sisi tuliyaweka karibu na vyoo tu, na watu waliotoka kucheza ngoma walikuja moja kwa moja kwenye nyama.

Swali la Kitimoto

Mleta mada, nimesoma maandishi yako yote na sijaona neno nguruwe. Sote tunafahamu kwamba kwa watu wengi wa mkoa huo kitimoto ndiyo nyama inayotoa fedha kutoka mfukoni haraka kuliko nyingine. Je, mliiacha kwa makusudi?

Mchomaji wa Pasua

Tuliiacha kwa makusudi, na kikao kilichoamua hilo kilichukua saa mbili. Zahanati ile inahudumia watu wa dini zote, na mashindano yaliitishwa kwa jina la mtaa. Nguruwe akiingia uwanjani, hata mkimtengea kona yake, jirani Mwislamu atasimama getini akijiuliza kisu gani kimepita wapi, na atakuwa na haki ya kujiuliza. Tulikubaliana kwamba wanyama wote wachinjwe na Mwislamu, jambo lisilomkwaza Mkristo yeyote wa mtaani kwetu, na kwamba anayetaka kitimoto ataikuta mahali pake siku yoyote nyingine ya juma.

Swali la Kitimoto

Nimekuelewa, ingawa bado ninaamini mliacha fedha mezani. Pangekuwa na viwanja viwili.

Mchomaji wa Pasua

Pangekuwa na viwanja viwili, mkuu, pangekuwa pia na mitaa miwili.

Jirani wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Ninawaandikia kutoka Kenya, kutoka barabara ile ya Nairobi kwenda Nakuru ambayo msafiri akifika Kikopey, karibu na Gilgil, hawezi kupita bila kusimamishwa na harufu ya mbuzi. Nina mawili ya kuchangia.

La kwanza ni kuhusu upungufu wa uzito. Katika vibanda vyetu mteja huchagua nyama ingali mbichi, inapimwa mbele yake, analipia kilo hiyo mbichi, kisha anasubiri ichomwe na kuletewa kwenye ubao wa mti pamoja na kachumbari na ugali. Kwa utaratibu huo, kile kinachopotea motoni kinakuwa cha mteja, wala muuzaji hana haja ya kupiga hesabu za gramu 700. Kwa nini msiuze hivyo?

La pili ni sheria. Huku kwetu harambee imezoeleka mno hata watu husahau kwamba kuchangisha umma kunahitaji kibali, na tuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inayohusu jambo hilo. Kanisa, shule au kikundi kikitaka kukusanya fedha hadharani hakina budi kuuliza mapema. Nasi hupendelea michango ipite kwenye namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, kwa sababu fedha taslimu zina miguu.

Mchomaji wa Pasua

Jirani, hoja ya kupima mbichi ni nzuri na ndiyo desturi hata katika baa zetu nyingi. Tatizo ni kwamba inamfaa mteja aliyekaa mezani na marafiki zake, mwenye saa nzima ya kusubiri. Kwenye uwanja wenye mamia ya watu, kila mmoja akiwa na kipande chake kinachotafutwa kwenye wavu, jiko linageuka kuwa ofisi ya malalamiko. Tulijaribu njia ya katikati: vikundi vya watu sita au zaidi viliweza kuagiza mguu mzima wa mbuzi siku tatu kabla, kwa bei ya uzito mbichi pamoja na mchango, wakaukuta tayari kwa saa waliyotaja. Miguu hiyo ya oda ililipiwa yote kabla moto haujawashwa, na fedha zake ndizo zilizonunua mkaa.

Kwa upande wa vibali, sisi tulianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, tukatoa taarifa polisi, tukamwandikia barua mganga mfawidhi wa zahanati ili akiri kwa maandishi kwamba anafahamu fedha zinachangwa kwa jina la kituo chake. Barua hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo inayomzima anayeuliza nani kawatuma.

Mkaa wa Mgunga

Naomba tuzungumzie moto kidogo, maana wengi humlaumu mchomaji kwa kosa la mkaa. Mkaa wa miti migumu kama mgunga hukaa muda mrefu na hautoi cheche nyingi. Uwashwe dakika 30 hadi 40 kabla, usipewe nyama mpaka uso wake uwe umefunikwa na majivu meupe. Mafuta ya taa yasiguse jiko hata tone. Mbao za vitanda vya zamani na mabaki ya samani zenye rangi au dawa ya mchwa zisitumike hata mkipewa bure. Makaa yakusanywe upande mmoja wa jiko, upande wa pili ubaki mtupu, ili mguu uive pembeni polepole na usogezwe juu ya makaa mwishoni tu upate ukoko. Mafuta ya mbavu yakidondokea moja kwa moja kwenye makaa, mwali unaopanda huacha masizi yanayochachua ulimi.

Nauliza pia, kwa nia njema: Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Je, shughuli yenu haikuguswa?

Mchomaji wa Pasua

Swali la haki. Agizo lile lilielekezwa kwa taasisi kama shule, vyuo na magereza zinazopika kila siku, na shughuli ya siku moja mtaani si taasisi. Hata hivyo tulimwuliza mtendaji kabla, na kwa hiari yetu supu, ugali na chai vilipikwa kwa gesi, mkaa ukabaki kwa kuchomea nyama tu. Matumizi ya mkaa yalipungua kuliko tulivyotarajia.

Nauliza Tu

Samahani wakuu, lakini si ingekuwa rahisi zaidi kupitisha daftari nyumba kwa nyumba? Gharama zote hizi za mbuzi, mahema na mkaa zingekwenda moja kwa moja zahanati.

Mchomaji wa Pasua

Daftari tulilipitisha mwaka uliotangulia hayo mashindano. Walitoa walewale wanaotoa siku zote, wengi wao wajane na walimu. Siku ya nyama walikuja vijana wa bodaboda na timu yao, wenye bucha na timu yao, kwaya, mafundi gereji, hata wageni wa Kibosho na Machame waliosikia kwamba kuna watu wanadai kuchoma kuliko wao. Katika nchi ambayo arusi ya heshima huingiza ndafu, yaani mbuzi aliyechomwa mzima, ukumbini akiwa na majani mdomoni, kumwambia mtu kwamba jirani yake anachoma vizuri zaidi ni uchokozi wa kutosha kumtoa nyumbani. Kila timu ililipa kiingilio, na kila timu ilileta mashabiki ambao daftari halijawahi kuwafikia.

Mweka Hazina Mstaafu

Nimekuwa mtunza fedha wa vyama vya kila aina kwa muda mrefu, na ninaona uzi unaelekea kumalizika bila jambo hili kuguswa sawasawa. Anayepokea fedha asitoe nyama, na anayetoa nyama asiguse fedha. Mnunuzi alipe kwenye meza moja, apewe tiketi yenye namba, aipeleke jikoni, ichanwe. Jioni, tiketi zilizochanwa zilinganishwe na fedha na pia na kilo zilizoingia jikoni. Zikitofautiana, mtajua tofauti iko mkono gani.

Mchango wa vitu uandikwe kwa thamani yake. Mtu akileta mbuzi, daftari liseme mbuzi mmoja na bei ya mnadani siku hiyo, kisha aandikwe tena upande wa matumizi. Msipofanya hivyo, mtatangaza faida ambayo kwa kweli ni mbuzi wa mtu, na mwakani asipomleta mtashangaa faida imekwenda wapi.

Wanakamati, wapishi na majaji nao wanakula. Wapewe tiketi zenye rangi tofauti, zihesabiwe kama gharama. Nimewahi kuona shughuli ambayo nyama ya kuonja ya wanakamati ilizidi iliyouzwa.

Mchomaji wa Pasua

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la mwisho lilitupata mwaka wa kwanza, na nilikuwa miongoni mwa waonjaji. Mwaka wa pili hesabu zote, pamoja na tiketi hizo za rangi, zilibandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtaa na zahanati ndani ya siku saba, na risiti ya kitanda ikabandikwa pembeni yake. Kitanda chenyewe kiliagizwa na zahanati; sisi tulimlipa muuzaji moja kwa moja, fedha hazikupita mfukoni mwa mtu.

Binti wa Machinjioni

Swali langu la mwisho: takataka na majivu mlifanyaje? Uwanja ulikuwa wa shule, kama nimeelewa vizuri.

Mchomaji wa Pasua

Ndiyo, wa shule ya msingi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tulifungashia karatasi na watu wengine walikuja na vyombo vyao. Mifupa ilikusanywa kwenye mapipa mawili yenye vifuniko kwa sababu ya mbwa, ikafukiwa shambani kwa mjumbe mmoja.

Majivu ndiyo yaliyotupa kazi. Mwaka wa kwanza tuliyamwagia maji juu juu na kuondoka; Jumapili asubuhi mlinzi alifukua kwa fimbo akakuta makaa mekundu chini. Watoto wa shule ile wengi hucheza mpira pekupeku. Mwaka wa pili tulichora ramani ya uwanja na kuweka alama kila mahali palipokuwa na jiko, yakiwa tisa kwa jumla. Kila shimo lilimwagiwa maji, likakorogwa kwa jembe, likamwagiwa tena, na watu wawili wakabaki usiku. Jumapili mchana tulipita wote tukapapasa kila shimo kwa mkono, ndipo tukafukia na kumkabidhi mlinzi funguo za geti.